Ulishuka na Gia Gani?

Nikifika salama niendako, Baba haniulizi kama nimefika. Kama nimepiga simu, basi nimefika. Yeye ana swali lake moja tu: "Ulishuka na gia gani?"

Kwa muda mrefu nililichukulia swali hilo kama ugonjwa wa madereva wastaafu. Unajua wazee wetu walivyo. Aliyekuwa nahodha atakuuliza habari za upepo, aliyekuwa mwalimu atakusahihishia hata meseji ya salamu. Baba aliendesha lori, kisha matatu, kati ya Kwale na Likoni kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwake duniani kuna watu wa aina mbili: wanaoshuka mlima kwa gia na wanaoshuka kwa breki. Hao wa pili anawaita marehemu watarajiwa. Nilikuwa nacheka sana.

Najua ukitaja mlima wa Kwale, mtu wa Wundanyi atakuangalia kwa huruma. Mji wetu uko karibu mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Hatuna zile kona za kutoka Mwatate kupanda Taita, zinazofanya abiria akumbuke dua zote alizofundishwa chuoni. Kwetu unaiacha barabara kuu ya Likoni pale Kombani, unapita minazi na mikorosho, unapanda, unapita Golini, na ndani ya kilomita kumi na kitu umetoka kwenye joto la pwani umeingia kwenye ubaridi wa Shimba Hills, nyumbani kwa palahala, mnyama ambaye Kenya nzima humpati porini kwingine. Siku ya jua kali ukigeuka nyuma unaiona bahari yote imetandazwa chini. Na ubaya wa mlima wetu ni huo huo: ni mzuri, na hautishi. Mtu huiogopa Mai Mahiu, dereva wa Tanzania huiheshimu Kitonga, kisha hao hao wakashuka Kwale huku wanatafuta wimbo kwenye simu.

Mimi hubeba matunda. Gari si langu, ni la bosi wangu, anayeuzia hoteli na maduka ya Diani. Napanda alfajiri kutoka Ukunda hadi upande wa Mkongani, napakia machungwa, maembe au mapapai kulingana na msimu, nashuka kabla jua halijakolea. Tulianza na pikapu kuukuu ya dizeli iliyokuwa ikikohoa kama mvuta tumbaku. Halafu bosi akaja na hii ya haibridi. Sitaitaja ni ya kampuni gani, kwa sababu makosa nitakayoyasimulia hapa yalikuwa yangu, si ya gari.

Kwa ambaye hajawahi kuendesha, haibridi ina injini ya petroli na mota ya umeme, zinasaidiana. Ukiondoka, mota inavuta. Ukipanda, zote mbili zinasukuma. Utamu uko kwenye kushuka: ukiachia mafuta au ukigusa breki kidogo, mota inageuka jenereta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nayo inazalisha umeme na kuupeleka kwenye betri, na ule uzito wa kuzungushwa ndio unaolipunguza gari mwendo. Yaani gari linajizuia lenyewe na wakati huo huo linajichaji. Kwenye dashibodi unaona vile vijiti vya betri vinapanda kimoja kimoja. Mimi nilihisi kama nalipwa kwa kushuka mlima.

Nikamwambia Baba, "Swali lako limepitwa na wakati. Hii haina klachi, haina gia ya kwanza wala ya pili. Kompyuta inajua."

Akaniuliza, "Kompyuta imewahi kushuka Golini?"

Nikacheka tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu, wakati wa masika. Nilikuwa na machungwa nyuma, magunia hadi juu, na Baba kando yangu, kwa sababu alikuwa na kliniki ya presha hospitalini Msambweni na hakuona haja ya kulipa matatu wakati mwanawe anapita njia hiyo hiyo. Amevaa kofia yake ya kiua, kadi ya kliniki ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya bahasha. Tukatoka Kwale mjini tukaanza kuteremka. Gari kimya. Vijiti vya betri vinapanda. Nikamwonyesha kwa kidole, "Waona? Tunatengeneza mafuta." Akaangalia, akaguna.

Betri ikajaa.

Sikuwahi kufikiria kinachofuata betri ikijaa. Kawaida nashuka na mzigo wa wastani, nasimama kupakia wengine njiani, nafika Kombani kabla haijafika juu kabisa. Siku hiyo mzigo ulikuwa mkubwa na sikusimama popote. Ghafla injini, iliyokuwa imelala kabisa, ikaamka na kupiga kelele. Si kelele ya kuvuta. Kelele ya juu, kama mtu amekanyaga mafuta hadi chini, na mguu wangu haukuwa hata karibu na mafuta. Moyo ukaruka. Kitu cha kwanza kilichonijia si kifo, ni bosi: nimemharibia gari. Nikafanya kile ambacho mkono unafanya wenyewe kichwa kikiwa hakipo. Nikasukuma gia hadi N.

Kelele ikakata. Kimya kizuri, kama baraka.

Halafu nikaona mshale. Sitini. Sabini. Gari lilikuwa limeachiliwa kama nazi iliyotupwa mteremkoni. Nikakanyaga breki. Ikashika, lakini ikashika upande, pikapu ikavuta kulia, kuelekea magari yanayopanda. Nikaachia, nikakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mara ya tatu pedali ikaenda chini zaidi kuliko ilivyozoea, laini, kama kukanyaga sponji. Mbele yetu bodaboda imebeba watoto wawili wa shule, begi la mmoja jekundu. Hilo begi nitalikumbuka hadi kaburini.

Baba hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Rudisha gia. Sasa hivi. Rudisha."

Nikarudisha. Injini ikapiga kelele yake ile ile, na safari hii nikaielewa: ilikuwa ikituzuia. Gari likainamisha pua, mwendo ukapungua. Nikapiga honi, bodaboda akajitupa pembeni, nikawapita. Mbele kidogo, palipo na tambarare, nikatoka barabarani nikasimama. Mikono ilikuwa inatetemeka hadi nikashindwa kufungua mkanda.

Baba alishuka kabla yangu. Mzee wa presha, na mvua ile. Niliposhuka nilimkuta amepiga magoti kwenye matope, anasukuma jiwe nyuma ya gurudumu, halafu jingine mbele yake, anayapiga kwa kisigino yakae. Gari lilikuwa tambarare, na breki ya mkono nilikuwa nimevuta. Nikamwambia, "Baba, haliendi popote." Hakunijibu. Aliendelea hadi aliporidhika, akakaa juu ya jiwe la tatu, akaanza kusimulia huku ameangalia gurudumu, si mimi.

Zamani, kabla sijazaliwa, aliendesha lori la tajiri mmoja. Tajiri alikuwa akimpimia dizeli ya safari. Ikibaki, dereva na taniboi wake wanaiuza, wanagawana. Na njia rahisi ya kuibakiza ilikuwa hii ya Kwale: ukifika juu unalitia lori nyutro, enzi zao wakiita fri, linateremka lenyewe, bure, hadi chini. Walifanya hivyo mara nyingi. Siku moja, na mzigo, breki zikapikika. Lori likaanza kukimbia. Kazi ya taniboi siku hizo ilikuwa kushika gogo la kukingia gurudumu, na lori likishindwa ni yeye wa kuruka na kulitupa chini. Taniboi wake akaruka na gogo lake. Gurudumu lilimpata yeye kabla ya gogo.

"Lori lilisimama," Baba akasema. "Lilisimama kwenye shimo, hatua chache mbele. Angebaki juu, angekuwa hai."

Akanitajia jina la yule taniboi. Ni jina la kaka yangu mkubwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu, na tangu utotoni nimejiuliza kwa nini kaka yangu ana jina lisilo la babu yeyote, upande wa baba wala wa mama. Nilikuwa nimeshauliza, na nilikuwa nimejibiwa, "Ni jina zuri tu." Nikajibiwa upya siku hiyo, kando ya barabara, miaka yote hiyo baadaye, kwa sababu nilikuwa nimetia N.

Kliniki tuliikosa. Tulifika Ukunda polepole sana, nikampeleka Baba kwa shangazi akapumzike, gari nikaliingiza gereji.

Fundi alinipa somo la pili. Alifungua magurudumu ya mbele akaniita nione. Diski moja inang'aa, nyingine imeshika kutu nyekundu, na breki ya upande huo ilikuwa imekwama, haisogei vizuri. Ndiyo maana gari lilivuta upande. "Dada," akaniambia, "haya magari hayatumii breki zake. Mota inafanya kazi yote, breki zinakaa tu. Na hapa Diani hewa ni chumvi tupu." Yaani breki zangu zilikuwa zimechakaa kwa kutofanya kazi. Gari la kawaida husugua kutu kila siku bila dereva kujua. La kwangu lilikuwa likisimama kwa umeme wiki nzima, na siku ya kuzihitaji breki zenyewe nikamkuta askari amelala lindoni.

Kuhusu ile pedali laini, akamwaga mafuta ya breki kwenye chupa akanionyesha rangi: kama chai ya rangi. Mafuta ya breki hunywa unyevunyevu wa hewa kidogo kidogo, na huku kwetu hewa ni maji nusu. Yakishakuwa na maji huchemka mapema. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ukiukandamiza unabonyea tu, hausukumi kitu. Mguu wako unaenda chini, gurudumu halina habari.

Usiku ule sikulala, nikakaa na kikokotoo cha simu. Pikapu na mzigo wake, tuseme tani mbili na nusu. Ishushe mita 300. Nguvu inayotakiwa kwenda mahali fulani ni kama kilowati-saa 2. Upepo na matairi yatakula sehemu yake, hata ukitaka sema nusu. Imebaki moja. Sasa angalia ghala la kuiweka. Betri ya Prius ya miaka ya 2000, gari ambalo wengi wetu tunalifahamu kutoka yadi za Mombasa, ni kilowati-saa 1.3 hivi, na kompyuta haikubali ijae pomoni wala iishe kabisa, na mara nyingi unaanza kushuka ikiwa tayari nusu. Nafasi iliyobaki ni ya kikombe, na mlima unamwaga ndoo. Zile za kuchomeka kwenye umeme zina betri kubwa zaidi, lakini ukiichaji ikajaa ukiwa huko juu kisha ukashuka, umerudi pale pale.

Kompyuta inajua hili, kama nilivyomwambia Baba. Betri ikijaa, inatumia umeme huo kuizungusha injini bila kuchoma petroli, ili ule mzunguko ule nguvu ya mlima. Ile kelele iliyonitisha ilikuwa gari likishuka kwa gia. Lilikuwa likifanya, bila kuambiwa, kitu ambacho Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na saba, nami nikalinyamazisha kwa sababu sikuitambua sauti yake. Ukitia N unaondoa vyote, mota na injini, unabaki na breki za miguu peke yake. Umegeuka lori la fri.

Na fri haikufa na kizazi cha Baba. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ilipata jina baya miaka na miaka, na moja ya sababu zilizotajwa kila mara ni malori kuteremka nyutro ili kubakiza dizeli. Watu walikuwa wakisoma habari hizo wanasema, "Madereva wa Kenya hawana akili." Mimi sasa nikizisoma namuona kijana mmoja na rafiki yake wanahesabu pesa za lita tano, wamefurahi, hawana habari.

Siku hizi nashuka hivi. Nikiwa Kwale mjini nasimama. Nakunywa chai, nazunguka gari, naangalia matairi na kamba za mzigo. Mzigo ukizidi naacha magunia, bosi aseme atakavyo. Kabla mteremko haujaanza naweka gia kwenye alama ya kushukia. Kwenye gari langu ni herufi B, kwenye mengine ni L, na mengine yana kitufe chenye picha ya gari kwenye mteremko. Siisubiri kelele, naiita mwenyewe mapema, nikiwa bado mwendo mdogo, kwa sababu gia haipunguzi kasi kama muujiza. Inalinda ile kasi uliyoanza nayo. Breki naikanyaga kwa nguvu, mwendo ukashuka, naiachia kabisa ipoe. Siilalii kidogo kidogo njia nzima. Harufu ya kuungua ikija nasimama, na sioni aibu kusimama. Na kila asubuhi Ukunda, barabara ikiwa tupu nyuma yangu, nafunga breki kwa nguvu mara mbili tatu, nizisugue kutu, nizikumbushe kwamba zimeajiriwa. Mafuta ya breki tunabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu hakijui hewa ya Diani.

Hata kupanda nimejifunza upya. Betri inapokusukuma mwanzoni mwa mlima unajiona simba, unataka kulipita lori lililo mbele. Katikati ya kulipita betri inaisha, injini inabaki peke yake na mzigo wote, na kuna mtu anashuka anakuja. Sasa nikiwa nyuma ya lori nakaa nyuma ya lori. Machungwa hayaozi kwa dakika kumi.

Baba hajawahi kulirudia lile simulizi. Kliniki ilipofika tena aliniambia atapanda matatu. Nilidhani amekasirika, au anaogopa. Mama akanieleza: "Hataki kukuangalia ukishuka. Ataona kama yeye ndiye anayeendesha." Nikaacha kumlazimisha. Kaka yangu nilimweleza habari ya jina lake kwa simu, maana anafanya kazi Nairobi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama yule taniboi aliacha watoto. Sikuwa nimemuuliza Baba. Bado sijamuuliza.

Wiki iliyopita nilishuka na maembe, mvua inanyesha, injini inapiga kelele kutoka juu hadi chini kama kwaya. Nikafika Ukunda, nikapiga simu.

"Ulishuka na gia gani?"

"B, Baba."

Akafikiri kidogo. "Hiyo B ni ya pili au ya tatu?"

"Ni ya kushukia."

"Basi hiyo hiyo," akasema, akakata simu.